Nyutro hupita ndani ya swichi, ethi hupita kando: kupeleka stima nyumba ya nyuma

Mama mmoja wa Kayole alinipigia simu Jumapili jioni. "Fundi, bafu linanipiga. Na maji yenyewe hata hayachemki vizuri." Nikamuuliza kama ameita mtu kabla yangu. "Aliitwa na landilodi. Alikaa dakika kumi, akasema ni sawa, ni ile stima ya kawaida tu."

Hakuna stima ya kawaida inayompiga mtu akioga. Nilipofungua swichi ya hita nilikuta ni ya pole moja, ile ya kukata laivu, waya unaoleta stima, peke yake. Nyutro, waya wa kurudishia stima, ilikuwa imekatikia ndani ya ukuta, na aliyekuja kabla yangu hakutaka kuvunja simiti. Akachukua ncha ya nyutro ya hita akaifunga kwenye ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Hita ikawaka, akalipwa, akaenda.

Hebu tupige hesabu ya kitu alichofanya. Hita ya kilowati 5 kwenye volti 240 ina ukinzani wa karibu omu 11.5. Mkondo ukishapita kwenye hita unatafuta njia ya kurudi, na njia pekee iliyobaki ni fimbo ya ethi iliyozikwa nje. Tuseme fimbo hiyo ina omu 20, ambazo kwa udongo wetu si mbaya. Jumla ni omu 31.5, mkondo ni kama ampea 7.6, na zile volti 240 zinagawanyika: kama 88 zinabaki kwenye hita, kama 152 zinakaa kwenye waya wa ethi. Ndiyo maana maji yalikuwa vuguvugu. Na ndiyo maana kila chuma kilichofungwa ethi kwenye plot ile, kuanzia friji ya jirani hadi bomba la maji la chuma, kilikuwa na volti 152. Breka ya ampea 32 ingestukaje kwa ampea 7.6? Kwake hiyo ilikuwa siku njema kazini.

Mwongozo huu ni wa kazi ninayoitwa mara nyingi kuliko zote hapa Nairobi: kutoa stima kwenye bodi ya nyumba kubwa, kuipitisha kwenye konduiti (bomba la nyaya) hadi chumba cha nyuma, kuitia kwenye aisoleta (swichi ya kukatia stima yote ya hapo), kisha bodi ndogo na hita ya bafu. Laivu haisumbui watu sana kwa sababu kila mtu anaiogopa. Wanapokosea ni kwenye hizi nyaya mbili zinazoonekana pole, nyutro na ethi. Kanuni ninayowaambia vijana wangu kazini ni ile iliyo kwenye kichwa hapo juu, na karibu kila hatua hapa chini inarudi kwake.

Kabla hujashika bisibisi

Sili za mita na za fyuzi ya kampuni si zako. Kazi yako inaanzia upande wa nyumba, baada ya mita. Na kwa Kenya kazi ya waya ya kudumu ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Yeye ndiye anayetia sahihi cheti cha kazi kukamilika. Kama wewe ni mwenye plot, soma haya ili ujue cha kumwangalia fundi wako na maswali ya kumuuliza. Kama wewe ni fundi, unajua leseni yako inakuruhusu kufika wapi.

Halafu kuna video. Vijana wengi siku hizi wanajifunzia kwenye simu, na video nyingi ni za Marekani. Kule nyutro ni nyeupe na laivu ni nyeusi. Hapa kwetu, kwenye nyumba zilizowekwa waya kwa rangi za zamani za Kiingereza, nyeusi ndiyo nyutro na nyekundu ndiyo laivu. Kijana akitoka kwenye video moja kwa moja hadi nyumba ya zamani ya Buruburu, anaweza kushika vitu kinyume kabisa. Tena kule Marekani utaona fundi akiunganisha nyutro na ethi kwa kipande cha shaba ndani ya swichi kuu ya kwanza. Kwa mfumo wao ni sahihi, na ni pale mwanzoni tu. Bodi zote zinazofuata wanazitenganisha. Sasa kijana anakumbuka ile shaba, anasahau yale mengine, anakuja kuunganisha nyutro na ethi kwenye bodi ya chumba cha nyuma huko Kasarani. Usifanye hivyo. Kwenye nyumba inayotegemea fimbo yake ya ethi, nyutro na ethi hazikutani popote upande wako wa mita.

Rangi, kwa kirefu kidogo

Uingereza ilibadilisha rangi kuanzia 2004, na rangi mpya zikawa lazima huko Aprili 2006. Nasi tukafuata, lakini nyumba hazikubadilika usiku mmoja. Kwa stima ya fezi moja, yenye laivu moja tu, mambo ni mepesi: zamani laivu nyekundu, nyutro nyeusi; sasa laivu kahawia, nyutro bluu. Ethi ni kijani na manjano.

Mtego uko kwenye fezi tatu, yaani laivu tatu. Rangi za zamani: nyekundu, manjano na bluu ni fezi, nyeusi ni nyutro. Rangi mpya: kahawia, nyeusi na kijivu ni fezi, bluu ni nyutro. Soma tena polepole. Bluu ya zamani ni fezi, bluu ya leo ni nyutro. Nyeusi ya zamani ni nyutro, nyeusi ya leo ni fezi. Kwenye gorofa za mitaa ya Pipeline au Zimmerman, ambapo fezi tatu zinapanda ngazi na kila sakafu inachukua yake, utakuta rangi za vizazi viwili kwenye boksi moja. Hapo rangi ni tetesi tu, kipimo ndicho shahidi. Palipo na mchanganyiko, bandika kila ncha herufi yake: L1, L2, L3, N.

Na waya wa kijani na manjano usiufanyie kazi nyingine yoyote, hata ukiuzungushia tepu nyekundu ncha zote mbili. Tepu hubanduka. Atakayekuja miaka mitano baadaye atauona katikati ya konduiti, ataamini ni ethi, na ataushika.

Hatua ya 1: zima, thibitisha, kisha thibitisha kipimo chenyewe

Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli kama ina tundu, na mwambie kila mtu kwenye plot. Sisemi mwambie landilodi. Mwambie yule mpangaji anayetazama mpira, maana ndiye atakayekuja kuiwasha.

Jaribu testa yako mahali penye stima ya hakika. Kisha pima unapotaka kufanya kazi: laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Kisha rudi ujaribu testa tena pale penye stima. Ile mara ya mwisho ndiyo watu wanairuka, na ndiyo inayokwambia kama betri ilikufa katikati ya kazi. Ile bisibisi ya kuwaka taa usiitegemee kwa jambo hili. Haikwambii lolote la maana juu ya nyutro.

Ndiyo, nyutro nayo pima. Nyutro iliyokatika upande wa mita, huku taa moja imewashwa, inakuja na volti zote 240 kupitia ile taa.

Hatua ya 2: chagua nyaya na konduiti

Kwa chumba cha nyuma chenye hita ya kilowati 5, taa na soketi mbili tatu, mimi natumia nyaya tatu za shaba za milimita 10 za mraba nyuma ya breka ya ampea 40. Hita peke yake inakula karibu ampea 21. Nyutro iwe unene uleule wa laivu. Mkondo unaokwenda ndio unaorudi, haupunguki njiani. Ethi nayo, laivu ikiwa milimita 16 za mraba au chini, ukitumia unene uleule hutahitaji hesabu nyingine.

Ninavyoona, nyaya tatu za 10 zinaingia konduiti ya milimita 25 bila kugombana ikiwa safari ni fupi na kona si nyingi. Safari ikiwa ndefu, panda hadi 32. Kona zaidi ya mbili za digrii 90 kati ya boksi moja na nyingine utazijutia siku ya kuvuta. Pinda PVC kwa springi, usiipashe kwa jiko hadi ikae bapa.

Mahali pa kununua mnajua: River Road na vichochoro vyake. Beba kipimo au ukucha mkali. Kuna waya unaouzwa kama shaba na ndani ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Ukikwaruza, weupe unatokea. Waya huo mrudishie mwenyewe.

Hatua ya 3: zipitishe zote tatu pamoja

Laivu, nyutro na ethi za saketi moja zinakaa konduiti moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Najua jaribu la kupitisha ethi peke yake nje ya ukuta kwa sababu konduiti imejaa, au la kuchukua nyutro kutoka boksi la jirani kwa sababu iko karibu. Usikubali.

Kwa konduiti ya chuma sababu ni ya kifizikia kabisa. Laivu na nyutro zikikaa pamoja, mkondo mmoja unakwenda na mwingine unarudi, na nguvu zao za sumaku zinafutana. Ukizitenganisha, kila moja na bomba lake la chuma, sumaku inazunguka ndani ya chuma na chuma kinapata joto. Ni vilevile unapoingiza nyaya kwenye boksi la chuma kupitia matundu tofauti, laivu tundu hili na nyutro lile: kipande cha chuma kati ya matundu kinapata moto kwa mkondo mkubwa. Pitisha zote tundu moja. Kama matundu yameshatobolewa, kata mwanya wa kuyaunganisha.

Kwa PVC hakuna joto hilo, lakini kuna jambo jingine. Ukikopa nyutro ya saketi nyingine, siku moja fundi atazima breka ya saketi yake, aamini pamekufa, afungue nyutro, na ile nyutro iwe imebeba mkondo wa chumba cha pili. Atapigwa na waya ambao kwa haki zote ulipaswa kuwa mfu. Na ethi ikae karibu na laivu yake kwa sababu siku ya hitilafu unataka njia ya kurudi iwe fupi, na unataka panya, jembe au fundi wa dari akikata moja akate zote.

Konduiti ya PVC si ethi, bila shaka. Ya chuma inaweza kubeba ethi ikiwa kila kiungo kimekazwa na hakina kutu, lakini sijawahi kukutana na konduiti ya miaka ishirini ambayo ningeiaminia maisha ya mtu. Tia waya.

Kwa mdomo wa kila boksi la chuma weka bushi ya plastiki ili kingo zisichune nyaya. Vuta zote tatu kwa pamoja, zikiwa zimefungwa kwenye waya wa kuvutia, mmoja anavuta na mwingine analisha. Acha ncha ndefu, hata sentimita 30. Waya mfupi ndani ya boksi ndio mama wa viungo vya ajabu.

Hatua ya 4: aisoleta

Hapa ndipo mahali pa kutulia.

Aisoleta ya pole mbili ina taminali nne. Mbili za kuingilia, mbili za kutokea. L na L, N na N. Nyutro inaingia ndani ya swichi kama laivu, na zinakatwa pamoja kwa mkono mmoja. Kwa hita ya bafu na kwa swichi kuu ya nyumba ya fezi moja, mimi sikubali chini ya hapo. Swichi ya pole moja ikitumika mahali popote, ikate laivu. Usiweke fyuzi wala breka ya pole moja kwenye nyutro peke yake, kamwe: nyutro ikikatika na laivu ikabaki, kifaa kinanyamaza, mtu anaamini kimezimika, na ndani kina volti 240 zinazongoja mkono wake.

Ethi haiingii kwenye swichi. Ile inayotoka kwenye bodi kubwa na ile inayoendelea hadi bodi ndogo zinakutana kwenye taminali ya ethi iliyo kwenye boksi, pembeni ya swichi. Boksi likiwa la chuma, mwili wake unafungwa kwenye taminali hiyohiyo. Ukizima aisoleta, laivu imekatika, nyutro imekatika, ethi imesimama. Ndivyo unavyotaka. Ethi inayozimika ni kama mlinzi anayelala wezi wakifika.

Boksi likiwa la plastiki watu husema, "Ethi ya nini hapa, hakuna chuma." Ya kupita, ndugu yangu. Chumba cha nyuma kinaingoja. Nimefungua boksi nyingi za plastiki nikakuta ethi mbili zimekunjwa kila moja kivyake, hazijagusana, na konduiti mbele ina waya mzuri wa kijani na manjano usiokwenda popote.

Kaza skrubu, kisha vuta kila waya kwa nguvu ya mkono. Anza na nyutro. Laivu iliyolegea inapepesa taa na kuchoma plastiki polepole. Nyutro iliyolegea inafanya vilevile, na kwenye fezi tatu inafanya mabaya zaidi, nitayafikia.

Swichi ya hita iwe nje ya bafu au ya kamba. Naona bado watu wanaiweka ndani, juu ya ndoo.

Hatua ya 5: bodi ndogo, baa mbili

Ndani ya bodi ya chumba cha nyuma kuna baa ya nyutro na baa ya ethi, vipande vya chuma vyenye matundu ya kufungia nyaya. Ziwe mbili, zisigusane. Kuna bodi za bei nafuu zinazokuja na baa moja tu. Fundi mvivu hutia zote hapo. Nunua baa ya pili, bei yake haifiki ya chakula cha mchana mjini.

Baa ya nyutro ikae kwenye kikalio cha plastiki, isiguse mwili wa bodi. Baa ya ethi ndiyo inayofungwa kwenye mwili. Panga nyutro kwa mpangilio wa breka: nyutro ya breka ya kwanza tundu la kwanza, ya pili tundu la pili. Atakayekuja baada yako atakushukuru bila kukujua.

Sasa RCD, swichi inayojikata stima ikivuja. Kazi yake ni kulinganisha mkondo unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Vikitofautiana kwa miliampea 30, inakata. Kwa hiyo nyutro ya kila saketi iliyo chini ya RCD lazima ipite ndani ya RCD hiyohiyo. Bodi ikiwa na RCD mbili, kuna baa mbili za nyutro, kila moja na RCD yake. Ukitia laivu chini ya RCD ya kushoto na nyutro yake kwenye baa ya kulia, zote zitaruka mara utakapowasha taa, na utaitwa tena bure. Wengine kwa hasira wanaitoa RCD. Nimeona RCD zimetupwa juu ya bodi, zimejaa vumbi, nzima kabisa. Kosa lilikuwa nyutro moja kukaa baa ya jirani, au nyutro kugusa ethi ndani ya soketi ambayo skrubu yake ilipasua ganda la waya.

Usisahau safari ya kutoka bodi kubwa hadi ndogo. Kwenye nyumba ya fimbo, waya ule nao unahitaji ulinzi. Mimi huweka RCD ya miliampea 100 ya kuchelewa kule mwanzo, na ya 30 isiyochelewa huku nyuma, ili hita ikileta shida izimike nyuma peke yake na nyumba kubwa iendelee na habari ya saa moja.

Na mita za tokeni: baadhi hupima mkondo wa laivu na wa nyutro pia. Wapangaji wawili wakichangia nyutro moja baada ya mita zao, mita inaona mikondo isiyolingana na inaweza kuhesabu hiyo ni njama. Halafu mpangaji asiye na hatia anaitwa mwizi.

Hatua ya 6: fimbo, na udongo wetu

Ethi ya chumba cha nyuma inatoka kwenye taminali kuu ya ethi ya nyumba, pamoja na laivu na nyutro. Ukitaka kupigilia fimbo nyingine nyuma, pigilia, lakini iunganishe na hiyo ethi. Fimbo ya pili iliyo peke yake si mbadala wa waya.

Turudi kwenye hesabu, kwa sababu watu wana imani kubwa mno na fimbo. Laivu ikigusa mwili wa hita na fimbo ikiwa na omu 20, mkondo ni 240 gawanya kwa 20, ampea 12. Breka ya 32 haitastuka, na mwili wa hita utakaa na karibu volti zote hizo hadi mtu auguse. RCD ya miliampea 30 kwa ampea 12 inakata kufumba na kufumbua. Fimbo bila RCD ni nusu ya kazi. RCD bila fimbo nayo inangoja ule mkondo upite kwa mwili wa mtu kwanza.

Udongo wa Nairobi si mmoja. Kule Embakasi ni udongo mweusi wa pamba: mvua ikinyesha unashika fimbo kama gundi, Januari na Februari unapasuka na kuiachia, na unaweza kutia vidole kati ya fimbo na ardhi. Kipimo cha Mei hakikwambii habari ya Februari. Pima wakati wa kiangazi, au jua kwamba namba yako ni ya msimu mzuri. Mahali pengine nyundo inagonga mwamba kabla fimbo haijafika nusu. Wengine huikata iliyobaki wakafukia. Usiikate, sogea mita chache ujaribu tena, au ongeza fimbo na uziunganishe. Ukinzani ukipita omu 200 usiutegemee, unaweza kubadilika wakati wowote.

Waya wa kwenda kwenye fimbo, ukizikwa ukiwa na ganda lake bila kinga nyingine, uwe milimita 16 za mraba za shaba. Kifungo cha fimbo kiwe ndani ya kishimo chenye mfuniko, kisizikwe na simiti. Na mabomba ya maji yakiwa ya chuma, yafungwe kwenye taminali kuu ya ethi kwa waya wa 10. Yakiwa ya PPR, yaani plastiki, hakuna cha kufunga, ingawa maji yenyewe bado yanapitisha stima.

Penye fezi tatu au jenereta

Haya ni ya fundi mwenye leseni ya kazi hiyo, ila mwenye gorofa ajue. Kwenye fezi tatu, nyutro ikikatika kabla ya mgawanyo, vyumba vinabaki vimeunganishwa fezi kwa fezi kupitia vifaa vyao wenyewe. Mwenye mzigo mkubwa anapata volti chache, mwenye simu na televisheni tu anaweza kupata zaidi ya 300. Televisheni kumi zikiungua siku moja, anza kutafuta nyutro. Kwa hiyo swichi ya pole nne iwe ya aina ambayo nyutro inaingia kwanza na kutoka mwisho. Usitengeneze yako kwa swichi ya pole tatu na breka moja pembeni.

Swichi ya kubadilisha kati ya stima na jenereta ibadilishe laivu na nyutro zote mbili. Ethi, kwa mara nyingine, haigusi.

Hatua ya 7: pima kabla ya kuwasha

Swichi kuu ikiwa imezimwa na vifaa vyote vimetolewa, kwanza fuata ethi: multimita mwisho mmoja kwenye baa ya ethi ya bodi kubwa, mwisho wa pili kwenye mwili wa hita. Chini ya omu moja, songa mbele. Kikikataa, rudi kwenye lile boksi la plastiki.

Kisha kipimo cha ganda la nyaya, kuona kama linavujisha stima, kwa megamita ya volti 500: laivu na ethi, nyutro na ethi, laivu na nyutro. Kisipungue megaomu 1. Kwa kazi mpya mimi nikiona chini ya 50 natafuta sababu. Cha nyutro na ethi ndicho kitakachokufichulia soketi yenye skrubu iliyouma waya. Lakini hakikisha swichi kuu ni ya pole mbili. Ikiwa ya pole moja, nyutro yako bado imefika transfoma, na transfoma ina ethi yake, kwa hiyo utasoma uongo na utatafuta kosa lisilokuwepo mchana kutwa.

Washa. Pima laivu na nyutro, karibu 240. Laivu na ethi, vivyo hivyo. Nyutro na ethi, volti chache tu. Ikizidi kumi huku hita ikifanya kazi, shuku nyutro iliyolegea mahali.

Bonyeza kitufe cha kujaribu cha RCD, ikate. Ila fahamu kitufe kinajaribu RCD yenyewe, hakijaribu ethi. Kinafanya kazi hata kwenye nyumba isiyo na fimbo kabisa. Wengi wamebonyeza, ikaruka, wakalala fofofo juu ya ethi iliyokatika. Chombo cha kupima RCD kwa kuingiza mkondo kwenye ethi ndicho kinachomaliza shaka: kwa miliampea 30 ikate ndani ya milisekunde 300, kwa miliampea 150 ndani ya 40.

Yule mama wa Kayole tulivunja ukuta sentimita arobaini tu, tukavuta nyutro mpya, tukaweka swichi ya pole mbili nje ya bafu na RCD kwenye bodi. Alipowasha hita mara ya kwanza aliingiza kidole kimoja kwenye maji, akakitoa, akaniangalia. "Na sasa?" Nikamwambia aingize mkono wote. Ndani ya mfuniko wa bodi nikabandika kipande cha tepu nyeupe: tarehe, omu za fimbo, na neno "Februari", maana ndio mwezi atakaoniita nirudie kipimo.